Kazi ya nyumbani ya mtoto wa msingi: ipungue, na mzazi apewe nafasi yake

Ukifungua daftari la kazi za nyumbani la mtoto wa darasa la tatu, mara nyingi utakuta maswali 20 ya hesabu aliyoyanakili ubaoni kabla ya kengele, au maneno ya Kiingereza ya kuandikwa mara kumi kumi, na chini pameachwa nafasi ya saini ya mzazi. Asubuhi mwalimu anaangalia nani ameleta na nani hakuleta. Tumeuzoea utaratibu huu hapa Tanzania kiasi kwamba shule isiyoufuata huonekana haifundishi.

Faida yake kwa watoto wadogo, hata hivyo, ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za kuanzia 1987 hadi 2003. Kwa wanafunzi wa sekondari, waliofanya kazi za nyumbani zaidi walielekea kufaulu zaidi. Kwa watoto wa madarasa ya msingi uhusiano huo ulikuwa hafifu mno. Sababu si ngumu kuziona. Mtoto wa miaka minane hajaweza kuziba masikio wakati redio inalia na wadogo zake wanacheza. Hajajifunza kujisahihisha, hivyo akikosea swali la kwanza atarudia kosa lilelile hadi la ishirini, na kesho anakuja darasani na kosa aliloliimarisha kwa mazoezi. Cooper mwenyewe hasemi kazi zifutwe. Anaunga mkono kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza dakika 10, la tatu 30, la sita 60, basi.

Zipo nchi zilizochukua hatua. Ufaransa ilitoa waraka mwaka 1956 wa kuzuia kazi za kuandika nyumbani kwa wanafunzi wa msingi, na China mwaka 2021 ilizuia kazi za kuandika kwa darasa la kwanza na la pili. Sipendekezi tuige marufuku. Napenda tu tuone kilicholengwa: kazi ya kuandika. Kusoma na kuzungumza havikuwa tatizo.

Kwetu mzigo huu ni mzito zaidi. Vitabu vya kiada katika shule nyingi za serikali hubaki shuleni, kwa hiyo mtoto anabeba maswali bila kitabu cha kurejea. Jioni kuna maji ya kuchota na vyombo vya kuosha. Na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 akitoa maswali 20, anakuwa na majibu 1,800 ya kusahihisha. Hawezi. Anapitisha alama ya vema juu ya ukurasa mzima, na mtoto anajua kwamba hakuna aliyesoma alichoandika.

Mzazi naye amewekwa mahali pasipo pake. Anatakiwa awe mwalimu wa pili, usiku, kwa somo ambalo yeye alifundishwa kwa njia nyingine au hakulifikia kabisa. Wengine wanamfanyia mtoto kazi ili yaishe, wengine wanamlipia tuisheni. Wengi wanakaa pembeni kwa aibu, hasa akina mama walioishia darasa la saba au chini ya hapo, wakiamini hawana cha kumpa mtoto zaidi ya sare na uji. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza, kwa sababu si kweli hata kidogo.

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alishirikiana na walimu wa mji wa Baltimore kuandaa kazi za nyumbani za aina nyingine, katika mpango unaojulikana kwa kifupi kama TIPS (Teachers Involve Parents in Schoolwork, yaani walimu kuwashirikisha wazazi katika kazi za shule). Kazi hutolewa mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Mtoto ndiye anayeiongoza: anamweleza mtu mzima alichojifunza, anamhoji, anaandika majibu. Mzazi hafundishi. Anasikiliza, anajibu kutokana na maisha yake, na mwishoni anamwandikia mwalimu neno fupi kama mtoto ameelewa au amekwama. Wazo hili linatufaa, tena halihitaji fedha.

Chukua kugawanya, darasa la nne. Badala ya maswali 20, mtoto aende gengeni na mama. Fungu la nyanya la shilingi 500 lina nyanya ngapi? La shilingi 1,000 je? Nyanya moja inasimama kwa bei gani katika kila fungu, na lipi lina nafuu? Mama anayeuza genge anaijua hesabu hii kuliko mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga mafungu. Au vipimo: visado vingapi hujaza debe moja? Watoto wakirudi na majibu yanayotofautiana, somo la kesho limeshapatikana, kwani watataka kujua kwa nini kisado cha sokoni kwao hakilingani na cha mwenzao.

Kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mtoto wa darasa la tano amuulize bibi au babu familia ilitoka wapi, na kama aliishuhudia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, walihama vipi na walibeba nini. Kwa Sayansi, achore mwezi kila jioni tangu unapoandama hadi unapokuwa mpevu. Kazi ya dakika mbili kila siku inayomtoa nje yeye na baba yake. Kwa Kiswahili, aje na kitendawili kimoja cha nyumbani kwao ambacho darasa zima litashindwa kukitegua mpaka apewe mji. Nimeona kazi ya mwisho ikiamsha watoto ambao kwa kawaida hawanyooshi mkono.

Kusahihisha kunakuwa kwepesi pia. Watoto wasimuliane wawili wawili kwa dakika tano, kisha mwalimu aite wachache waeleze mbele, kila siku kwa zamu. Na pasiwe na adhabu kwa asiyeleta. Wapo watoto ambao jioni hakuna mzazi nyumbani. Kwao, mtu mzima yeyote anatosha, awe dada wa kazi, jirani au fundi wa baiskeli pale njiani.

Zoezi moja la kila siku ningelibakiza: kusoma kwa sauti dakika 10, hasa darasa la kwanza na la pili, ambako KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndiyo msingi wa yote. Mtoto hawezi kusoma kwa ufasaha bila kusoma sana. Mzazi asiyejua kusoma ana kazi hapa: akae karibu, asikilize, aulize kilichotokea na kinachoweza kufuata. Lakini hili linataka kitabu kifike nyumbani. Shule zinazofungia vitabu kabatini kwa kuogopa visichanike ziviazime kwa zamu, vikiandikwa kwenye daftari. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Najua wazazi wengi wanaogopa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na mwalimu akipunguza maswali wanamuuliza watoto watafaulu kwa lipi. Mazoezi ya kuandika yanahitajika, na yafanyike darasani, mwalimu akipita kati ya madawati na kushika kosa likiwa bichi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu unataka umahiri, yaani mtoto aweze kukitumia anachokijua, na hilo kufikia darasa la nne linahitaji kuwa limeanza.

Kikao kijacho cha wazazi kitakapofika kwenye mengineyo, mzazi anyooshe mkono aulize maswali mawili: kazi za mtoto wangu husomwa na nani, na vitabu vya kusomea nyumbani vitaanza kuazimwa lini.