Jeni ni za mtu, kasi ya kukua ni ya chupa

Dhana: Seli zilizotoka kwenye damu ya mtu ni mtu yuleyule. Seli za watu wawili zikitofautiana, jeni zao ndizo zimetofautiana.

Ukweli: Jeni ni zake, sawa. Ila seli nyeupe za damu za aina B hazidumu maabara mpaka ziambukizwe virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huzifanya zigawanyike bila kukoma. Tangu hapo kila ukoo wa seli, yaani seli zote zilizozaliana kutoka damu ya mtu mmoja, una historia yake: umebeba virusi kiasi gani, umegandishwa na kuyeyushwa mara ngapi, umehamishwa chupa hadi chupa kwa muda gani. Hayo yote huweza kubadili kasi ya kukua, na kasi hiyo huingia kimyakimya kwenye vipimo vingine.

Chukua dawa inayosimamisha mgawanyiko papo hapo bila kuua seli hata moja. Una koo mbili: mmoja huongezeka maradufu kila saa 24, mwingine kila saa 36. Baada ya saa 72, chupa isiyotiwa dawa ya ukoo wa kwanza ina seli mara 8 ya mwanzo. Ya ukoo wa pili, mara 4. Zilizotiwa dawa ziko vilevile kama zilivyoanza. Kwa hesabu iliyozoeleka, ya kugawa seli zilizotiwa dawa kwa zisizotiwa, ukoo wa kwanza umebakiwa na asilimia 12.5 na wa pili asilimia 25. Utaandika kwamba wa pili unastahimili dawa mara mbili zaidi, kisha utaanza kusaka jeni ya ustahimilivu, na dawa imefanya kazi ileile kote kuwili! Ukilinganisha kasi za kukua badala ya idadi ya mwisho, koo hizi hutoka sare.

Dhana: Sampuli zikiwa nyingi, tofauti za kukua zitafutana zenyewe.

Ukweli: Zitafutana iwapo zimetawanyika kiholela. Katika HapMap, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha tofauti za DNA kati ya watu, hazikutawanyika hivyo. Seli za familia za Utah, Marekani, zilitoka kwenye mkusanyo wa zamani, ulioanza miaka ya 1980. Za Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, zilichukuliwa kwa ajili ya mradi wenyewe, miaka mingi baadaye. Anayelinganisha makundi hayo analinganisha pia umri wa chupa. Akiongeza sampuli, kosa linabaki palepale, ila sasa analiamini zaidi.

Dhana: Weka kasi ya kukua kwenye hesabu, yaishe.

Ukweli: Hapa hata wazoefu huteleza. Kama kasi imetokana na chupa, kuisawazisha ni sahihi. Lakini kama jeni unayoichunguza ndiyo inayoharakisha mgawanyiko, na mgawanyiko ndio unaoleta mwitikio kwa dawa, basi ukiisawazisha kasi umefuta jibu ulilokuwa unalitafuta. Kompyuta haiwezi kukuambia uko upande gani. Afadhali kuyeyusha seli upya, kurudia jaribio, na kuchanganya makundi yote kwenye kila awamu ya kazi.

Dhana: Basi seli hizi ni za kutupa.

Ukweli: La. Tofauti za DNA zilizo jirani na jeni, zinazopandisha au kushusha utendaji wake, zimeonekana tena na tena katika tafiti mbalimbali. Tena kuna njia ninayoipenda kuliko zote: kulinganisha nakala ya jeni iliyotoka kwa baba na ile ya mama ndani ya seli zilezile. Nakala hizo zimekulia chupa moja, kwa kasi moja.