Ndege ikitoka karakana

Mwenye ndege akishalipa bili ya matengenezo hulala usingizi. Mimi mkaguzi ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Ndege iliyoingia karakana injini ikinguruma vizuri inaweza kutoka humo na hitilafu ambayo haikuwa nayo, kwa sababu kukagua injini ni kuifungua, na kilichofunguliwa lazima mtu akifunge.

Chukua nati ya bomba la mafuta linaloingia kwenye kabureta ya Cessna 172. Fundi ameirudishia, ameizungusha kwa vidole hadi ikakaa, akageuka kuchukua spana. Simu ikaita. Aliporudi akaendelea na plagi, maana jicho linaona nati ipo mahali pake. Injini ikijaribiwa chini, haina neno. Ndege ikiruka, mtetemo huilegeza nati kidogo kidogo, na mafuta huanza kudondokea ekzosi ya moto, au injini hukosa mafuta na kuzimika ndege ikiwa bado inapanda. Ikizimika futi 1,000 kutoka ardhini, rubani ana kama kilomita mbili na nusu za kuteleza hewani, basi.

Ndiyo maana fundi makini akikatizwa hurudi nyuma hatua kadhaa, haendelei pale anapodhani aliishia. Na nati aliyokwisha kuikaza kwa spana ya kipimo huichora mstari wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Vipande viwili vya mstari huo visipolingana tena, nati imezunguka. Mwenye tochi yeyote ataiona.

Kinachonitisha zaidi ni kosa la kujirudia. Injini nyingi za pistoni zina magneto mbili, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, na kila silinda ina plagi mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ushike. Fundi yule yule akizifungua magneto zote siku moja, akakosea jambo lile lile, akiba hiyo inabaki jina tu. Tarehe 5 Mei 1983, Lockheed L-1011, ndege ya abiria ya Eastern Air Lines, iliondoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Oili ikavuja kwenye injini zote tatu, kwa kuwa vifaa vya kunasia chembe za chuma vilifungwa bila oringi, pete za mpira za kuziba uvujaji. Zote zikazima; moja iliwashwa tena, wakatua Miami salama. Hivyo magneto zikifikia ukaguzi wa saa 500, ziachanishwe siku, au zishikwe na mafundi wawili. Wenye karakana hununa nikisema hivi, maana ndege inasimama mara mbili.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo isiwe na abiria. Washa injini, izime, fungua mfuniko, pitisha kitambaa cheupe kwenye maungio. Ruka, zunguka karibu na uwanja nusu saa huku ukitazama geji ya presha ya oili, tua, kisha futa tena. Doa la samawati ni avgas 100LL, petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi hiyo makusudi. La kahawia ni oili. Liwe lipi, ufunguo wa ndege mrudishie fundi.