"Mapinduzi ya amani" maana yake nini hasa

Siku hizi mwanajeshi yeyote akitokea kwenye TV anasoma karatasi, lazima utakuta mtu kakomenti "haya ni mapinduzi ya amani kama yale ya Ureno, demokrasia hiyo inakuja". Jamani, taratibu.

Mapinduzi ya amani ni jeshi kuing'oa serikali bila vita wala damu nyingi kumwagika. Basi, maana ndo hiyo. Demokrasia haimo humo.

Chukua hiyo Ureno yenyewe. 25 Aprili 1974 makapteni waliingia Lisbon, ishara yao ilikuwa wimbo uliopigwa redioni usiku, na jioni yake Marcello Caetano, aliyerithi udikteta wa Salazar, akasalimu amri pale kambi ya Carmo. Inasimuliwa mwanajeshi mmoja alimwomba sigara mhudumu wa mgahawa, mama wa watu hana sigara akampa ua jekundu alilobeba, jamaa akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki na wenzake nao wakataka. Picha tamu kweli, ndo maana wengi wanaishia hapo. Ila siku hiyohiyo polisi wa siri waliwafyatulia risasi raia nje ya ofisi zao, wakafa wanne.

Na hao makapteni walikuwa wamechoshwa na vita vya kuyashikilia makoloni ya Ureno, yaani Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, zaidi ya miaka 10 na mwisho hauonekani. Kwa hiyo vijana wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliofunzwa Nachingwea, hapa hapa kwetu Tanzania, nao wana mkono wao kwenye hayo maua, sijui kwa nini huwa hawatajwi.

Demokrasia ilitafutwa baadaye, na kwa jasho. Waliahidi uchaguzi ndani ya mwaka na 25 Aprili 1975 ukafanyika kweli, zaidi ya asilimia 90 wakajitokeza, wanajeshi wakashauri anayesita atumbukize kura tupu, wananchi wengi wala hawakuwasikiliza. Mwaka huohuo Machi kulikuwa na jaribio la kupindua, Novemba vurugu tena kambini, na Baraza la Mapinduzi la wanajeshi likavunjwa 1982. Miaka nane hiyo!

Kwa hiyo ndugu yangu, jeshi likiingia ikulu na hakuna aliyekufa, yaite ya amani, sina ugomvi. Hilo la "yameleta demokrasia" liweke kiporo kwanza mpaka kura zipigwe na wenye magwanda warudi kambini.