Ameta ya trekta: inapima nini, na inakaa kwenye waya upi

Ameta hupima mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati huo, na husomwa kwa ampea. Ile ya trekta ya zamani ina sifuri katikati na mshale unaocheza pande mbili. Mshale ukielekea chanya, betri inaingiza chaji. Ukielekea hasi, betri inanyonywa. Basi. Haisemi betri imejaa kiasi gani. Hilo ni swali la voltimeta, kipimo cha volti, na wengi wanaoilaumu ameta huwa wameiuliza lisilo lake.

Kwa kuwa inapima kinachopita, lazima ikae njiani: umeme uingilie skrubu moja, utokee ya pili. Ndani yake karibu hakuna kinachozuia mkondo. Ukiiunga kati ya chanya na hasi ya betri kama voltimeta, hiyo ni shoti, na waya utaanza kuyeyuka kabla hujaishika spana.

Ni waya upi sasa? Chukua Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, yenye dainamo ya Lucas, mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme. Waya mnene wa betri unafika kwenye nati ya swichi ya stata. Kwenye nati hiyohiyo kuna waya mwingine, mwembamba, unaokwenda kwenye katauti, kile kiboksi kinachosimamia chaji, na kufungwa kwenye skrubu yenye herufi B (viboksi vya zamani zaidi huandikwa A). Huo ndio wa kukata. Kipande cha upande wa betri kinafungwa kwenye skrubu moja ya ameta, cha upande wa katauti kwenye nyingine.

Umeme wa swichi, taa na honi uchukuliwe upande wa katauti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Taa zikichukua umeme upande wa betri, injini ikiwa imezimwa zitainyonya betri na mshale utulie sifuri kana kwamba hakuna kinachotumika. Injini ikiwaka, mshale utaonyesha chaji nzuri, kumbe yote inaishia kwenye taa.

Waya wa stata haupiti kwenye ameta kabisa. Stata ya dizeli hula mamia ya ampea, nayo ameta ya 30 itaungua kwa mpigo mmoja.

Dainamo ya Lucas C40-1 hutoa ampea 22, hivyo ameta ya 30-0-30 inatosha. Ukishaweka altaneta ya ampea 36 badala ya dainamo, tafuta ya 60-0-60. Waya uwe wa milimita za mraba 4 kwa dainamo, 6 kwa altaneta, kwenda na kurudi. Waya wa taa za nyumbani wa 1.5 uachwe nyumbani. Miisho ifungwe vichwa vya pete vilivyobanwa vizuri, na pale waya unapotoboa bati la dashibodi pawekwe raba, kwa sababu mtikisiko wa trekta utalikwangua ganda la waya mpaka shaba iguse bati.

Kabla ya kugusa chochote, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Usidhani ni hasi: Ferguson TE20, kwa mfano, bodi yake ni chanya. Ameta yenyewe haijali. Mshale ukienda kinyume, badilishana waya mbili za nyuma yake.

Jaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, washa taa kubwa. Balbu mbili za wati 45 kwa volti 12 ni ampea 7.5, kwa hiyo mshale uende hasi karibu na saba au nane. Zima taa, washa injini, ongeza moto. Mshale utaruka upande wa chanya, kisha utashuka polepole kadiri betri inavyorudishiwa kilicholiwa na stata. Ukikaa karibu na sifuri baada ya muda, hiyo ni afya. Usikimbilie kufungua dainamo. Kushuka hasi injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa moto, na taa zinawaka ni kawaida pia, kwani dainamo haizalishi kitu kwenye mizunguko midogo.

Cha kutia wasiwasi ni mshale unaobaki juu kwa saa nzima: ama betri ina seli iliyokufa, ama katauti imeshindwa kupunguza, na maji ya betri yataanza kuchemka. Kibaya zaidi ni kuzima injini na swichi, halafu mshale ulale hasi mpaka mwisho. Pointi za katauti zimeshikana na betri inarudisha umeme kwenye dainamo. Ng'oa waya wa betri hapohapo, kabla koili hazijaanza kutoa moshi.

Nati za nyuma ya ameta zikazwe tena baada ya siku chache za kulima. Iliyolegea hupata moto na kuunguza plastiki. Na kwenye altaneta, waya ukichomoka injini ikiunguruma, volti hupanda ghafla na kuua dayodi, vile vipande vya ndani ya altaneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.