Wingu Limetanda, Mvua Haishuki: Nini Kinaizuia?

Mwaka 2022, kwenye baraza moja chini ya mgunga katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mzee mmoja wa wafugaji alinyoosha fimbo yake upande wa mashariki. Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Mawingu yalikuwa yamejipanga, meupe kwa juu na kijivu kwa chini, mazito kabisa kwa macho ya mtu mwenye kiu. "Mwanangu," akaniambia, "wingu hilo tunaliona kila siku. Linakuja mpaka karibu, halafu jua likizama linayeyuka. Wewe umesomea mambo haya. Nani analizuia?"

Siku ile nilimjibu mzee kwa haraka, kwa sababu chifu alikuwa anaangalia saa na akina mama walikuwa wanasubiri mgao wa chakula. Jibu langu halikumtosha, niliona usoni pake. Swali lake ndilo tunaloulizwa kuliko yote wakati wa ukame sisi tunaofanya kazi ya utabiri, na linastahili jibu kamili.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na hawakukosea. Lakini dalili ni dalili tu. Wingu la pamba lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja moja hubeba takriban tani 500 za maji. Maji hayo yametawanyika katika vitone vidogo mno: ukivipanga hamsini kwa mstari, unapata milimita moja tu. Kitone cha namna hiyo hakina uzito wa kuanguka, maana hata mkondo dhaifu wa hewa inayopanda hukishikilia juu. Ili lipatikane tone moja la mvua la milimita 2, vitone kama milioni moja vinapaswa kugongana na kuungana. Kazi hiyo inahitaji muda, tena inahitaji wingu lizidi kukua kwenda juu. Wingu la radi hupanda kilomita 12, hata 15. Yale ya mzee yalikuwa yanakomea chini sana, yakisambaa kama uji uliofika kwenye mfuniko wa sufuria.

Na mfuniko kweli upo, ingawa hauonekani. Hewa inayopanda hupoa na kuufanya mvuke ugeuke vitone. Hewa inayoshuka hufanya kinyume: hukandamizwa, hupata joto na kukauka. Hewa ya juu inapokuwa inashuka wiki baada ya wiki, joto la mchana hutosha kuinua mawingu ya alasiri, lakini yanapogonga ile hewa kavu yanakwama. Jua likizama na ardhi ikipoa, hakuna tena cha kuyasukuma. Ndiyo maana yanayeyuka mbele ya macho.

Pengine mvua huanza kweli, ikafia njiani. Utaona michirizi ya kijivu ikining'inia chini ya wingu kama pindo la shuka, isiyogusa ardhi. Hiyo ni mvua halisi. Matone yametoka, lakini yanapita katika hewa kavu na kukauka kabla ya kufika. Kwa kweli hakuna kinachoniumiza kazini kama kuitazama michirizi ile nikijua kuna ng'ombe wanaoitazama pia.

Hewa inayoshuka inatoka wapi? Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu jibu liko baharini, maelfu ya kilomita kutoka Marsabit. Maji ya Bahari ya Hindi yakiwa ya joto upande wetu, hewa hupanda huku na mvua hunyesha. Joto hilo likihamia upande wa Indonesia, hewa hupanda kule na kushuka kwetu. Bahari ya Pasifiki nayo ina mchango wake: hali iitwayo La Niña, yaani maji yake ya katikati na mashariki kupoa kuliko kawaida, husaidia kulisukuma joto na mvua kuelekea Indonesia. Kuanzia 2020, La Niña ilikaa karibu miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2022 Bahari ya Hindi ikaegemea upande huohuo. Matokeo tunayajua. Vuli ya 2020 ilifeli, masika ya 2021 ikafeli, vuli ya 2021 hivyohivyo. Masika ya 2022 ilikuwa miongoni mwa misimu mikavu kuliko yote katika kumbukumbu za takriban miaka 70 za Pembe ya Afrika. Kisha vuli ya 2022. Misimu mitano. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Joto la dunia nalo limechangia. Kundi la kimataifa la wanasayansi wa World Weather Attribution lilipouchunguza ukame huo mwaka 2023, lilionyesha kuwa ukavu wa aina ile wa udongo na malisho umekuwa rahisi kutokea mara 100 au zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Siku zenye joto kali huvuta maji kutoka ardhini na kwenye majani hata pale mvua ndogo iliponyesha. Mvua ambayo zamani ingeotesha nyasi sasa inaloanisha vumbi tu.

Kaskazini mwa Kenya kuna jambo jingine, la pekee. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi mkubwa, na upepo wa kusini-mashariki kutoka Bahari ya Hindi hupita hapo kwa nguvu kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba. Watafiti Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982, na mwaka 2021 watafiti walirusha maputo ya vipimo kutoka Marsabit ili kuupima upya. Usiku na alfajiri, mita mia chache juu ya ardhi, kasi yake mara nyingi huzidi kilomita 50 kwa saa. Ndio upepo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Unyevu unapita juu ya vichwa vya watu wa Marsabit na Turkana, lakini unapita mbio, bila kupata nafasi ya kupanda, ukielekea bara. Siku mkondo huo unapolegea, uwezekano wa mvua huongezeka.

Ushahidi kwamba tatizo ni kupanda kwa hewa uko palepale, kwenye Mlima Marsabit wenyewe. Asubuhi, mji wa Marsabit huwa umefunikwa na ukungu, na msitu wake unadondosha maji kutoka kwenye miti. Upepo uleule umegonga mlima, umelazimika kupanda, umepoa, umetoa maji. Ukishuka tambarare za jangwa la Chalbi upande wa North Horr, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 200, anga ni nyeupe kwa vumbi.

Basi mtu aangalie nini? Ukitazama wingu la alasiri, angalia kichwa chake kabla ya kuangalia rangi ya tumbo lake. Kikiwa kinachemka kwenda juu kama povu la maziwa, kina nguvu. Kikiwa bapa au kimechakaa pembeni, usilitarajie. Harufu ya udongo mbichi pamoja na upepo wa baridi wa ghafla ni dalili kwamba mvua imenyesha, lakini huenda imenyesha kwa jirani, kilomita nyingi kutoka ulipo. Upepo umekuletea habari zake tu. Duara kuzunguka mwezi hutokana na chembe za barafu katika wingu jembamba la juu sana, na katika nchi zetu za joto halina uhusiano wa uhakika na mvua ya kesho.

Sidharau elimu ya wazee. Watu wa pwani walisema kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na wataalamu wa nyota wa Waborana wamehesabu misimu kwa vizazi. Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi wamekaa meza moja na watabiri wa serikali kulinganisha walichokiona. Nyota ni kalenda nzuri: inakwambia msimu umefika wakati wake. Kiasi cha mvua itakayoshuka, hicho kiko mikononi mwa bahari.

Kwa sababu bahari hubadilika polepole, msimu unaweza kutabiriwa miezi kabla, na vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Agosti 2022, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, kilitangaza mapema kwamba vuli ingefeli, na ilifeli. Tulichokosea sisi wataalamu ni lugha. Tunasema "asilimia 45 chini ya wastani, 35 wastani, 20 juu ya wastani", halafu tunashangaa mbona hakuna aliyeuza mbuzi. Afadhali tuseme hivi: chukua miaka 20 yenye bahari kama ya mwaka huu, miaka 9 itakuwa mikavu, 7 ya kawaida, 4 ya mvua nyingi. Mfugaji aliyezoea kupima hatari anajua la kufanya na hesabu hiyo. Atauza madume machache wakati bado wana nyama na bei, aokoe majike wanaozaa. Akingoja wingu, atauza ngozi.

Mkulima naye asipande kwa mvua ya kwanza. Kipimo tunachotumia ni milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha kusiwe na kiangazi cha zaidi ya siku saba katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu hiyo ya pili haionekani shambani siku ya kupanda, kwa hiyo sikiliza utabiri wa siku zijazo redioni kabla ya kufungua gunia la mbegu. Kupima milimita hakuhitaji mtambo: kopo lenye pande zilizonyooka na rula vinatosha. Soma saa tatu asubuhi kila siku, kama tunavyosoma sisi vituoni. Na kumbuka milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mabati la mita za mraba 40 likipata milimita 20, ni lita 800, kasoro kidogo inayopotea njiani.

Machi 2023 mvua ilirudi kaskazini, na ikaja na mafuriko. Mbuzi aliyekonda kwa miezi hana mafuta ya kumkinga na baridi, na usiku mmoja wa kulowa unaweza kummaliza. Kwa hiyo wingu likishaanza kuchemka, waingize wanyama dhaifu penye kinga na uwatoe watoto kwenye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata kama kwako ni kukavu. Maji ya laga hutoka milimani, na hufika kabla ya mvua.