Fizikia haikushushi gredi: kabla hujahamia IRE (Elimu ya Dini ya Kiislamu) kidato cha nne

"Mwalimu, Fizikia yanishusha, nataka kuhamia IRE." Kila mock, ule mtihani wa majaribio, ikitoka sentensi hii lazima ije, na nyuma yake huwa kuna mzazi aliyekwisha kuamua, anangoja tu mtu wa kumwitikia. Nimechoka kuijibu kwa mdomo. Naiandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Haikushushi. Kwa mwanafunzi aliyesajiliwa masomo manane, Fizikia yenye D mara nyingi haimshushi hata pointi moja, kwa sababu haihesabiwi. Tangu KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) ya 2023, gredi ya wastani inatokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, halafu mengine matano yaliyo bora, yawe ya kundi lolote. Utaratibu wa zamani ulilazimisha Kiingereza na Kiswahili pamoja, sayansi mbili na somo moja la Kundi la Tatu, kama Historia au dini. Huko sayansi iliweza kukuumiza kwelikweli. Wengi wenu mwapiga hesabu ya kaka na dada zenu.

Chukua kalamu; namba za mabano ni pointi. Mwanafunzi wa mfano ana Hisabati C- (5), Kiswahili B+ (10), Kiingereza C+ (7), Bayolojia C+ (7), Kemia C (6), Fizikia D+ (4), Historia B (9) na Biashara B- (8). Hisabati inaingia yenyewe, Kiswahili kinaingia kama lugha. Matano bora yaliyobaki ni Historia, Biashara, Kiingereza, Bayolojia na Kemia. Jumla 52. C+ ni kuanzia 46 hadi 52, na B- inaanza 53. Fizikia iko wapi? Imekaa nje, haina ugomvi na mtu.

Sasa mhamishe. IRE isipoipita Kemia haiongezi kitu. Akipata C amebaki pale pale kwenye 52, na miezi yote hiyo imekwenda na maji. Akipata C+ anafika 53, B-. Akipata B anafika 55, ambayo ni B- ile ile, maana B- inakwenda hadi 59. Na ile pointi moja anayoitafuta kwa somo jipya la vidato vinne angeipata kwa kuitoa Hisabati C- kuifikisha C. Hisabati imo ndani ya saba upende usipende. Lakini sijamsikia mtu akilalamika kuwa Hisabati yamshusha. Hiyo huambiwa "ni ngumu kwa kila mtu", basi.

Mwenye masomo saba hesabu yake ni nyingine: yote yanahesabiwa, na hawezi kuacha moja bila kuziba pengo, kwa kuwa saba ndiyo idadi ya chini. Tena lazima abaki na sayansi mbili. Ukiwa na Fizikia na Kemia tu, huendi popote.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: baki na Fizikia kama somo la nane, ifanye, lakini punguza saa unazoipa. Ile ya nane ni akiba. Siku ya Kemia ukiamka na homa, utashukuru kuwa nayo.

Kuhusu kozi nitasema kwa ufupi, maana imeandikwa wazi na hamsomi. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, haiangalii gredi ya wastani peke yake, huangalia masomo manne ya kundi la kozi. Uhandisi wa digrii, uwe wa TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) au wa kwingine, unataka Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari unataka Bayolojia na Kemia, na la tatu laweza kuwa Hisabati au Fizikia. Kwa hivyo anayetaka udaktari anaweza kuachana na Fizikia. Anayetaka uhandisi hawezi, hata akiletewa B- kwenye sinia.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. "Mie nimesoma madrasa tangu mdogo, IRE nitapita." Hapa Mombasa hii imekuwa kama aya. Madrasa imekupa kitu kikubwa, sibishi. Lakini mtihani wa IRE haukuulizi unavyosoma. Unakuuliza unavyopanga hoja, na unakuuliza kwa Kiingereza. Aliyejifunza tohara, mirathi na nikahi kwa Kiarabu na Kiswahili hukutana na maneno ambayo hajawahi kuyaandika.

Mfano. Swali la kawaida kabisa: eleza sababu tano za Qur'ani kuteremshwa kidogo kidogo, alama 10. Aliyehifadhi juzuu kumi anajua kuwa uteremsho ulichukua miaka 23, anajua na aya inayotaja jambo hilo. Basi anaandika ukurasa mzima kama hotuba ya Ijumaa: anaanza na sifa za Mwenyezi Mungu, anasimulia Pango la Hira, anamalizia na dua. Msahihishaji anapekua, anaona hoja mbili, anatoa alama 4. Mwenzake ambaye hajui hata kuanza Yasin ameandika sentensi fupi tano: kuuimarisha moyo wa Mtume, kurahisisha kuhifadhi, kuleta sheria hatua kwa hatua, kujibu maswali yaliyoulizwa, kutoa mwongozo kwa matukio yalipotokea. Kila moja kaifafanua kwa mstari mmoja. Anaondoka na 10. Si dhuluma. Huo ndio mtihani.

Halafu kuna karatasi ya pili, 314/2. Humo mna akhlaki, muamala na historia: Bani Umayya, Bani Abbas, Uthman dan Fodio kule Afrika Magharibi, kuenea kwa Uislamu pwani yetu. Mtoto wa Mji wa Kale analijua jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, pengine anaijua na nyumba ya jamaa zake. Mwambie aandike michango yake mitano. Atasema alikuwa mwanachuoni mkubwa. Hiyo ni moja, tena haijakamilika. Kwamba alichapisha magazeti hapa hapa Mombasa miaka ya 1930, alihimiza Waislamu wasome, alikuwa Kadhi Mkuu: hayo yanataka kusomwa.

Sisemi usihamie IRE. Nasema ihesabie kazi. Vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki ni saa mbili na dakika 40, na ratiba ya shule haitakurudishia kidato cha kwanza na cha pili. Hivyo utavisoma usiku, saa zile zile ulizokuwa umeipangia Hisabati.

Biashara nayo ina wafuasi wake: "Baba ana duka Kongowea, hiyo naijua." Baba anajua faida. Hajui kukuandalia daftari la fedha la safu tatu, wapi pa kuweka punguzo ulilotoa na wapi ulilopokea, na kwa nini fedha iliyotoka dukani kwenda benki inaandikwa pande zote mbili. Baada ya hapo kuna pato la taifa, fedha za umma na biashara ya kimataifa. Karatasi ya kwanza ina maswali 25 mafupi yanayogusa silabasi nzima, kwa hiyo kubahatisha mada hakusaidii.

Kilimo na Kompyuta usiziguse mwaka wa mwisho. Zina mradi unaoanza mapema na alama zake hutumwa na shule. Ukikosa karatasi moja ya somo, umekosa gredi ya somo zima. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu zina mtihani wa kuzungumza.

Kabla hujaamua, fanya hivi. Toa karatasi zako za mock za Fizikia, zipange tatu: 232/1 na 232/2 zina alama 80 kila moja, 232/3 ya vitendo ina 40. Tazama alama zimepotelea wapi. Zikiwa zimepotea kwenye vitendo, tatizo lako huenda si Fizikia. Ni jedwali lisilo na vipimo, mhimili usio na jina, skeli ya ajabu inayokula robo ya karatasi ya grafu, na mteremko uliokokotolewa kwa nukta za jedwali badala ya nukta za mstari. Hayo hurekebishika kwa wiki chache maabara. Zikiwa zimepotea kote sawasawa, na kidato cha pili pia ulikuwa na D, basi hapo tuzungumze.

Lakini nakiri jambo ambalo vitabu vya ushauri havisemi: mock ni kipimo kibovu. Shule nyingine hutunga ngumu kuwatia watoto hofu, nyingine nyepesi kuwatia moyo, na mipaka ya gredi za KCSE haijulikani na yeyote kabla ya usahihishaji. Kwa hiyo D+ yako yaweza kuwa C-, na ile B unayoitarajia IRE ni ndoto tu hadi ufanye karatasi mbili za miaka iliyopita, saa mkononi. Jambo lingine: mwalimu wa somo akikuhimiza sana uondoke, kumbuka gredi yako inaingia kwenye wastani wa somo lake. Huenda anakutakia mema. Huenda pia anautakia mema wastani.

Anayehama na kufaulu, mara nyingi hurudi kwenye somo alilolisoma kidato cha kwanza na cha pili kisha akaliacha wakati wa kuchagua. Nusu ya silabasi anayo. Huyo, akija muhula wa kwanza kabla usajili wa KNEC (Baraza la Mitihani) haujafungwa, mimi humkubalia bila mjadala mrefu. Akija baada ya mock ya muhula wa pili, hakuna cha kujadili: jina lake limeshapelekwa na masomo yake.

Na shule ikikuletea orodha ya usajili uweke sahihi, usitazame jina lako peke yake, soma namba. CRE (dini ya Kikristo) ni 313, IRE ni 314. Zimetofautiana kwa tarakimu moja, na anayechapa anachapa mamia ya watahiniwa. Hisabati iwe 121. Ukiona 122 hapo ni Alternative B, silabasi nyingine ya Hisabati, nenda ofisini siku hiyo hiyo. Omba na nakala ya orodha baada ya marekebisho, maana kuambiwa "tumeshabadilisha" si sawa na kuiona namba.