Mashelfu kujaa sio viwanda kupona

Watu wengi wanasema eti Zimbabwe ilipona 2009 sababu supamaketi zilijaa tena. Hapana jamani. 2008 mashelfu yalikuwa matupu, bei inabadilika asubuhi na jioni, na serikali ilishalazimisha bei zishushwe tangu 2007 so muuzaji anaona bora asilete kitu. 2009 zikaruhusiwa dola ya Marekani na randi ya Afrika Kusini, haraka tu mafuta, sukari na unga vikarudi, ila ukigeuza pakiti usome lebo, vingi vilikuwa vimetoka Afrika Kusini, viwanda vya ndani vilikuwa bado vinachechemea! Na chenji enzi hizo, senti hazikuwepo, ulikuwa unanunua mkate unarudishiwa pipi au kalamu 😂 Na kwa sababu viwanda vilikuwa hoi, ndo maana 2016 serikali ikabana kuagiza kutoka nje hadi jemu, siagi ya karanga na maji ya chupa.